Nililipia siku nzima, nikapewa dakika arobaini

Meneja,
Kampuni ya Safari,
Mjini Unguja.

Ndugu Meneja,

Assalaam alaykum.

YAH: ZIARA YA MAKUMBUSHO YA NDEGE, DUXFORD

Mimi ni seremala, natengeneza dari za boriti katika nyumba za Mji Mkongwe. Mwezi uliopita nilikwenda Uingereza kumtizama mwanangu, na kabla sijaondoka nililipa ofisini kwenu shilingi 450,000 kwa ziara ya siku nzima ya Duxford. Risiti ninayo. Kijana wenu wa kaunta nilimwambia wazi: ndege sizifuati sana, nafuata paa la mabanda yake.

Mabanda yale ya ndege yamejengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Sisi huku boriti ya mkoko hutubana kwa ufupi wake, chumba hakipiti upana wa mita tatu hivi. Wenzetu walichukua vibao vyembamba, wakavipishanisha kama wavu, wakavigongomea misumari, wakapata kenchi yenye mgongo wa upinde inayovuka ukumbi bila ya nguzo katikati. Ndege za kivita za Spitfire, zile za mwanzo, zilipoingia kazini mwaka 1938, zilipelekwa hapo hapo Duxford. Hata Zanzibar ilichangia ndege katika ile vita ya kwanza, na moja iliandikwa ubavuni "Zanzibar No. 1". Mngewaambia wateja hilo, mngeuza tiketi zaidi.

Sasa yaliyotokea. Saa nne asubuhi kiongozi wenu alitushusha Cambridge "tunyooshe miguu kidogo". Tukanyoosha hadi saa nane, madukani, ilhali Duxford iko jirani tu. Tulipofika, kundi zima likakimbilia Concorde, ile ndege ya abiria ya kasi kupita sauti, kupiga picha, nami nikaburutwa humo. Nilipoingia bandani nikainua kichwa, nikaanza kuhesabu vibao vya kenchi ya kwanza. Nilifika kumi na saba. Filimbi ikalia: basi linaondoka, dereva anaogopa foleni ya London. Jumla ya muda wote pale, dakika arobaini.

Nilipouliza, kiongozi alinijibu, "Mzee, si umeziona ndege?"

Nataka nirejeshewe nusu ya fedha zangu, yaani shilingi 225,000, ndani ya siku 14. Simu yangu imo kwenye risiti. Na tafadhalini msinipe ile ofa yenu ya ziara ya bure ya Nungwi. Nungwi naifika kwa daladala ya 116.

Wasalaam,

Mteja wenu,
Fundi seremala, Malindi.