Barua kwa Sele: mzuie kwanza fundi wa fulana

Baltimore, 9 Juni

Ndugu yangu Sele,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa wanao. Huku tu wazima, joto limeshaanza kutushika kooni. Mwinyi alinipa habari ya msiba wa Bi Zuhura, poleni sana, Mungu amrehemu.

Sasa nisikilize. Nimeupata ule mti wa ukoo wa akina shemeji ulionitumia, na mwisho wake ile picha ya fulana: "Wazao wa Anthony Johnson, 1621". Kama fundi hajaanza kuchapa, mpigie simu kabla hujaendelea kusoma barua hii. Najua mkutano wa ukoo ni Agosti. Najua pia mama mkwe wako ameshatangaza kanisani. Mpigie tu.

Anthony mwenyewe, yule mtu mweusi aliyekuja kumiliki ardhi Virginia miaka ya 1600, alikuwapo, hilo halina ubishi. Karatasi zake ni nyingi kuliko za walowezi wengi weupe wa hirimu yake. Orodha ya wakazi wa Virginia ya 1625 inamtaja "Antonio", mtu mweusi, aliyefika 1621 kwa meli James, yuko shamba la Bennett. Humo humo ameandikwa Mary, aliyefika 1622, ndiye aliyekuja kuwa mkewe. Ardhi yake inaonekana Julai 1651, ekari 250 kaunti ya Northampton. Mwanawe John akapata 550 mwaka uliofuata, na Richard 100 mwaka 1654. Hapo mti wenu umesimama vizuri.

Ila huyo aliyeuchora amechukua majina matano yaliyomo kwenye hati ya 1651 akayafanya watoto wa Anthony. Hapana, Sele! Koloni ilikuwa ikitoa ekari 50 kwa kila mtu ambaye nauli yake ya kuvuka bahari umeilipia wewe. Watano mara hamsini ni mia mbili na hamsini, hesabu imetimia, hakuna siri. Ulikwenda mahakama ya kaunti kuthibitisha, ukapewa cheti, ukakipeleka ofisi ya katibu Jamestown, akaja mpima ardhi, ndipo ikatoka hati. Katikati ya safari hiyo cheti kiliweza kuuzwa mkono kwa mkono. Kwa hiyo majina yale yanaweza kuwa ya watu ambao Anthony hakuwahi kuwaona, waliofika miaka mingi nyuma. Na kuna vichwa, yaani hao waliolipiwa nauli, vilivyodaiwa mara mbili na watu wawili tofauti. Moja kati ya yale matano ni Richard Johnson, sawa na jina la mwanawe, na hapo ndipo kila mchora miti huteleza. Jina kwenye hati ya ardhi si cheti cha kuzaliwa.

Kingine ni tarehe. Mpaka 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza 25 Machi. Kesi ya John Casor, yule mtumishi wa Anthony, ambayo mmeiweka 1654, kitabu cha mahakama kinasema 8 Machi 1654, lakini kwa hesabu yetu ni 1655. Kila kilichoandikwa kati ya 1 Januari na 24 Machi kiandikeni hivi: 1654/55. Msipofanya hivyo, siku moja mtamkuta mtoto amezaliwa kabla mama yake hajaolewa, na mama mkwe wako hatakubali kusikia hayo.

Nimetaja Casor, basi niliseme na hili. Najua kuna mjomba atakayesimama kwenye mkutano aseme Anthony ndiye aliyeanzisha utumwa Marekani, kwa kuwa mahakama ilimpa Casor awe wake maisha yote. Maneno ya simuni hayo. John Punch, mtumishi mweusi, alihukumiwa Virginia hiyo hiyo utumishi wa maisha mwaka 1640, na Massachusetts iliandika utumwa kwenye sheria zake 1641. Anthony alimshika mtu utumwani, ndiyo, na msilifiche hilo. Kuwa wa kwanza ndiko hakupo.

Turudi kwenye fulana. Mwaka 1665 familia ilihamia Maryland, upande wa kaunti ya Somerset, ikapanga ekari 300 zilizoitwa Tonies Vineyard. Anthony akafa 1670. Mwaka huo huo baraza la wazee wa mahakama huko Virginia likaamua kwamba ardhi aliyomwachia Richard irudi kwa Mfalme, kwa sababu marehemu alikuwa mweusi na kwa hiyo mgeni. Mjukuu, naye John, akanunua ekari 44 mwaka 1677 akaziita Angola. Baada ya hapo, kuingia miaka ya 1700, nyuzi zinakatika. Mti wenu unaruka kutoka kwa huyo mjukuu mpaka kwa babu wa shemeji, yule mvua chaza (mvuvi wa chaza) wa sensa ya 1870. Karibu miaka mia mbili, Sele! Mmetoka kwa mjukuu, mmeruka kitukuu, kilembwe, kilembwekeza na kining'ina, mkatua kwenye boti ya chaza. Na daraja lenu ni nini? Jina Johnson. Marekani nzima imejaa akina Johnson.

Kazi inaanzia upande wa pili, kwa walio hai. Mama mkwe, cheti chake cha kuzaliwa. Mama yake, cheti cha kifo, maana kinataja wazazi na mara nyingi na mahali pa kuzaliwa. Mtazame aliyetoa habari ni nani: mtoto wa marehemu anajua, jirani anakisia. Sensa zimefunguliwa mpaka ya 1950, kwa sababu hufungwa miaka 72. Teremkeni nazo moja moja, 1940, 1930, na msiruke. Ya 1890 msiihangaikie, karibu yote iliharibika kwa moto wa 1921 Washington. Mkifika 1870, simameni. Hiyo ndiyo sensa ya kwanza kuwataja kwa majina watu weusi wote.

Ukinisikiliza jambo moja tu katika barua hii, liwe hili: mtafuteni mvua chaza kwenye sensa ya 1860, na ya 1850. Sensa hizo zinataja majina ya watu huru peke yao. Waliokuwa watumwa waliandikwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la bwana. Akionekana 1860, alikuwa huru kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na njia ya kwenda nyuma ipo. Asipoonekana, wala mama yake asionekane, basi huenda alipata uhuru 1 Novemba 1864 pamoja na watumwa wote wa Maryland, na jina Johnson lingeweza kutoka popote. Mtafute na Johnston, Jonson, na hata herufi za mwanzo peke yake, makarani wale waliandika walichosikia.

Kama alikuwa huru, nendeni Hifadhi ya Nyaraka ya Maryland, Annapolis, mkaombe vyeti vya uhuru vya Somerset. Sheria ya 1805 iliwataka watu weusi huru wawe na cheti, na karani aliandika umri, urefu, rangi, makovu, na kile mnachokitafuta: kama mtu alizaliwa huru au aliachwa huru na fulani. "Alizaliwa huru" ina maana mama yake alikuwa huru, kwa kuwa hali ya mtoto ilifuata ya mama. Virginia waliiweka sheria hiyo 1662. Ndiyo maana nawaambia muwafuate akina mama. Mwanamume wa ukoo wa Johnson akizaa na mjakazi wa mtu, watoto wamo kwenye karatasi za bwana yule, kwenye mirathi, pamoja na ng'ombe na magodoro, tena bila jina la ukoo.

Msisahau mipaka ya kaunti. Worcester ilikatwa kutoka Somerset 1742, na Wicomico ikakatwa kutoka hizo mbili 1867. Babu anaweza kukaa nyumba ile ile maisha yake yote na karatasi zake zikawa kwenye miji mikuu ya kaunti hizo tatu, Princess Anne, Snow Hill na Salisbury. Sehemu ya Somerset katika sensa ya 1790 haipo, imepotea. Ardhi ya Maryland, kwa bahati, kila kipande kilipewa jina, kwa hiyo tafuta kwa "Angola", si kwa Johnson, uone kilipita mikono ya nani. Hati za Maryland zinasomeka bure kwenye mtandao ukijiandikisha. Za Virginia za zamani pia, Maktaba ya Virginia imeweka picha zake. Vitabu vya mahakama ya Northampton havijakatika tangu 1632, asili yake iko Eastville. Mwandiko wa zama zile utawatesa, s inafanana na f, na "ye" ni "the".

Kuhusu yale mate aliyopima shemeji akaambiwa ana asili ya Angola na Kongo: vizuri, lakini hata Waafrika walioshushwa Point Comfort, Virginia, 1619 walitolewa Luanda, Angola, na maelfu baada yao. Halithibitishi mtu mmoja. Kwa vizazi kumi na zaidi, kipimo cha kawaida huenda kisibakize chochote cha Anthony hata kama ni babu wa kweli. Kile cha mstari wa kiume kinahitaji mwanamume Johnson wa baba kwa baba, na wa kumlinganisha naye, ambaye hatunaye. Kwa hiyo pesa hiyo… lakini haya ni ya ninyi wenyewe.

Sasa nijibu. Mama mkwe alizaliwa kaunti gani hasa, na mama yake alikuwa nani kabla ya kuolewa? Yule mvua chaza amezikwa wapi, na kaburi lina jiwe? Kanisa lao lina daftari la ubatizo la kabla ya 1900, na nani analishika? Kuna Biblia ya nyumbani yenye majina? Mti huu ni nani aliuchora, na ana karatasi yoyote mkononi au alinakili tu? Unaweza kupata siku moja ya kazi, si Jumamosi, twende wote Annapolis? Na fundi wa fulana amesemaje?

Msalimie Mwinyi, mwambie ile betri bado naisubiri.

Wako,
Hamadi