Barua kwa mdogo wangu kuhusu gitaa la besi la kikundi

Hamburg, Ujerumani

Mdogo wangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima pamoja na wote nyumbani. Wafikishie baba na mama shikamoo zangu, na umwambie mama kwamba kile kikohozi alichokisikia kwenye simu kimekwisha kabisa. Mimi sijambo na kazi inaendelea. Nimeona nikuandikie kwa kirefu kuhusu vyombo vya kikundi chenu cha taarab, kwa kuwa mambo haya hayaelezeki vizuri kwenye ujumbe mfupi wa simu, na kwa kuwa fedha yenyewe ni ya watu, imechangwa kwa jasho, wala haifai kutumiwa kwa kukisia.

Nimeisoma orodha uliyonitumia: gitaa la besi la nyuzi 5, amplifaya ya wati 100 na pedali 4, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa. Michango ya kikundi pamoja na fungu langu inafika yuro 400. Tukizigawa kwa vitu vyote 6, kila kimoja kitakuwa hafifu, na msimu wa harusi utawakuta mna vyombo vingi visivyotegemewa. Ninapendekeza tubadili mpangilio. Sehemu kubwa ya fedha iende kwenye gitaa lenyewe na kwenye kazi ya fundi wa kuliweka sawa, inayofuata iende kwenye nyuzi na kwenye kisanduku cha kuliunganisha gitaa na mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti), amplifaya isubiri, na pedali karibu zote tuzifute.

Nianze na nyuzi 5. Najua wapiga besi wengi wa siku hizi, hasa wa bendi za Kikongo na za injili, wanashika gitaa la namna hiyo, na linapendeza. Lakini uzi mzito wa gitaa la nyuzi 4, yaani E, hutetemeka mara 41 kwa sekunde, ilhali uzi wa tano, yaani B, hutetemeka takriban mara 31. Spika nyingi za kukodi haziwezi kuitoa sauti ya chini kiasi hicho bila kukoroma, na katika magitaa ya bei nafuu uzi huo mara nyingi hulegea, ukasikika mvumo pasipo noti. Tena kila mtakapobadili nyuzi mtalipa zaidi. Katika taarab, ambamo besi inatakiwa ishikilie mdundo chini ya fidla, akodiani na kinanda, nyuzi 4 zinatosha. Wazee wa Black Star, kikundi cha taarab cha hapo hapo Tanga, walipoingiza magitaa ya umeme na besi katika taarab miaka ya 1960, besi ya nyuzi 5 ilikuwa bado haijaenea popote duniani, na muulize baba kama kuna aliyelalamika kwamba kilipungua kitu.

Kuhusu aina, ninatafuta gitaa lililojengwa kwa kufuata Precision ya kampuni ya Fender. Mwanzilishi wake, Leo Fender, alilitoa gitaa hilo mwaka 1951, na mwaka 1957 kinasa sauti chake, yaani sumaku iliyo chini ya nyuzi inayopokea mtetemo wake, kikagawanywa vipande viwili vinavyofanya kazi pamoja kwa namna inayofuta mvumo wa umeme. Jazz Bass, gitaa lao jingine lililotoka mwaka 1960, lina vinasa sauti viwili vyembamba; ni gitaa zuri sana na sauti yake ni angavu zaidi, ila ukikifungua kinasa kimoja kuliko kingine mvumo unajitokeza. Nyinyi mnapiga chini ya turubai, mara nyingi kwa umeme wa jenereta, waya wa taa za mapambo ukipita miguuni penu. Mahali kama hapo gitaa lisilovuma ni la lazima, kwa sababu taarab ina vituo vingi ambamo vyombo hunyamaza na kumwachia mwimbaji.

Kwa fedha tuliyo nayo, macho yangu yako kwenye Yamaha TRBX174 au BB234, ama Squier Affinity Precision, Squier ikiwa ni chapa ya bei nafuu ya Fender wenyewe. Yakiwa yametumika na kutunzwa vizuri, magitaa haya hupatikana hapa kwa takriban yuro 200 au chini yake. Hakuna hata moja kati yao linalohitaji betri. Yapo mengine ya bei hiyo hiyo yenye kikuza sauti cha ndani kinachotumia betri ya volti 9, na wauzaji huyasifu sana, lakini betri hiyo huliwa muda wote jeki, yaani plagi ya waya wa gitaa, ikiwa imechomekwa, hata kama hakuna anayepiga. Betri ikiisha bibi harusi akiwa anaingia, gitaa linanyamaza hapo hapo.

Gitaa sitalinunua kwa picha. Nitakwenda kwa muuzaji, nilishike kwa kichwa na kuitazama shingo yake kwa urefu kama seremala anavyoukagua ubao, nione kama imenyooka au imejisokota. Kisha nitaubana uzi wa E kwenye freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) ya kwanza na freti ya mwisho kwa wakati mmoja, nitazame uwazi ulio kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Uwazi unaopitisha kadi nyembamba ni sawa. Ukiwa mkubwa zaidi, shingo imepinda kuelekea mbele, na chuma kirefu kilichomo ndani yake kinaweza kuirudisha, mradi skrubu yake bado inazunguka. Skrubu ikiwa imefika mwisho, au pembe zake zimeliwa, nitaliacha gitaa hilo hata likiwa jipya machoni. Baada ya hapo nitapiga noti moja moja kwenye kila uzi hadi mwisho wa shingo nikitafuta freti iliyoinuka, kwa maana freti moja mbovu hukwaruza noti zote zilizo jirani nayo. Vitufe vya sauti vinavyokwaruza havinitishi, kwani dawa ya kusafishia hutosha.

Yuro 50 hadi 60 ninaziweka kwa ajili ya fundi. Nakuomba usiione fedha hii kuwa imetupwa, kwa sababu hapa ndipo gitaa la bei nafuu linapokuwa chombo cha kazi. Fundi ataipima shingo, atashusha nyuzi mpaka zikae kwenye freti ya 12 kwa kimo cha karibu milimita 2.5 upande wa E na milimita 2 upande wa G, uzi mwembamba kuliko wote, kisha atasogeza vipande vya daraja, pale nyuzi zinapokalia mwilini mwa gitaa, ili noti ya freti ya 12 ilingane sawasawa na ile inayolia ukiugusa uzi juu ya freti hiyo hiyo bila kuubana. Besi isiyolingana hivyo huwaharibia waimbaji wote, nao hawajui ni nani anayewavuta nje ya noti. Mbao itakapofika kwenye unyevu wa Tanga itatikisika kidogo, kwa hiyo nitaweka ufunguo wa skrubu ndani ya mfuko. Mkiona nyuzi zimepanda, izungusheni skrubu robo mzunguko tu, muiache siku nzima, ndipo mpime tena. Kazi hiyo apewe mmoja wenu, asiwe kila mtu anajaribu.

Sasa nyuzi, na hapa nataka unisikilize zaidi kuliko mahali pengine popote. Nyuzi nyingi za besi zimezungushiwa waya wa mviringo, ndiyo maana ukipitisha kidole unahisi mikwaruzo. Zikiwa mpya hulia kwa sauti kali, lakini jasho na chumvi ya pwani huingia katikati ya mizunguko hiyo, na baada ya muda si mrefu sauti hufa. Ziko nyingine zilizozungushiwa utepe bapa, laini kama kioo kidoleni. Sauti yake ni nzito na hufifia upesi, nayo ndiyo iliyotawala kwenye besi kabla ya zile za mviringo kuenea. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za Motown, kampuni ya rekodi kule Detroit, alitumia nyuzi bapa za La Bella zenye unene wa 52 hadi 110 kwenye Precision yake, na alijulikana kwa kutozibadili mpaka zikatike. Nyuzi bapa huuzwa karibu mara mbili ya bei ya zile za mviringo, lakini zinaweza kukaa miaka, na sauti yake ndiyo hasa inayofaa kukaa chini ya fidla. Kwa kikundi ambacho hakiwezi kununua nyuzi kila mara, huo ndio uamuzi wa busara.

Sitakuletea zile za 52 hadi 110, kwani zinavuta sana na zinachosha kidole cha mtu anayepiga usiku kucha. Nitanunua za 45 hadi 105 au zinazokaribia hapo. Tarakimu hizo ni sehemu za elfu za inchi. Lazima ziwe za urefu wa kawaida, unaolingana na gitaa la inchi 34, yaani urefu wa sehemu ya uzi inayolia, na nitampa fundi azifunge kabla hajaanza kupima, kwa sababu mvuto wake si sawa na wa nyuzi za mviringo. Kila mkimaliza kupiga, mzifute kwa kitambaa kikavu, juu na chini.

Kuhusu amplifaya, nielewe vizuri: sisemi haina maana. Ila besi hula nguvu nyingi, na amplifaya ndogo ambayo tungeipata kwa yuro 100 ingetosha chumbani, ikazama mara tu ngoma zinapoanza nje. Mkiilazimisha, mtaunguza spika yake. Msiiunganishe besi na amplifaya ya gitaa la solo pia, kwa sababu spika zake nyingi hazikutengenezwa kwa mtikisiko wa noti za chini. Mradi kila harusi mnakodi spika kubwa na mikisa, njia ya gharama ndogo ni kisanduku cha DI: gitaa linaingia kwa jeki upande mmoja, na upande wa pili unatoka waya wa maikrofoni wa pini 3 unaokwenda kwenye mikisa, hata ukiwa mrefu, bila kuokota mvumo njiani. Behringer BDI21 inafanya kazi hiyo, ina vitufe vya kurekebisha besi na sauti ya juu, na bei yake hapa ni ya chini sana. Ni ya plastiki, kwa hiyo isikanyagwe kwa kisigino cha kiatu. Siku tukipata nyongeza, nitatafuta Fender Rumble 40 iliyotumika, ambayo ina uzito wa kilo 8 tu hivi, ina spika ya inchi 10 na tundu lake la kwenda kwenye mikisa, ili mpiga besi ajisikie mwenyewe jukwaani.

Umeme wa hapa ni volti 230 kama wa nyumbani, kwa hiyo vifaa havitahitaji transfoma, ila plagi za hapa zina pini mbili za mviringo. Zikibadilishwa, waya wa ardhi usiachwe nje kamwe. Nyuzi za besi zimeungana na waya huo kupitia vyombo vyote, na mtu anayeshika nyuzi huku midomo imegusa maikrofoni iliyounganishwa na umeme mbovu anaweza kupigwa shoti ya kumuua. Mkifika kwenye jenereta ya watu, mtangulizeni fundi umeme apime kabla ya yeyote kushika chombo.

Zimebaki pedali. Ile ya kupasua sauti na ile ya kuzungusha mwangwi hazina kazi katika nyimbo zenu, na mwangwi kwenye besi hutia tope muziki wote. Kibano cha kutunia, kinachobanwa kichwani mwa gitaa, nitakileta kwa bei ndogo, ingawa vibano hivi husumbuka kidogo kwenye uzi wa E. Mpiga besi aguse uzi huo juu ya freti ya 12 anapotuni, kitausoma vizuri. Na kama mtapata pedali yoyote huko, tazameni mchoro mdogo karibu na tundu la umeme: nyingi hutaka volti 9 zenye ncha hasi katikati, na adapta ya kinanda yenye ncha zilizogeuka inaweza kuiua mara moja.

Kwa hesabu hiyo tutatumia kama yuro 370, pamoja na waya imara wa jeki na mfuko wa gitaa wenye sponji nene. Zinazobaki zikae kwa mweka hazina.

Kabla sijanunua, nijibu mambo matatu. Mikisa mnayoikodi ina tundu la pini 3 lililo wazi kwa ajili ya besi? Mpiga besi wenu anatumia mkono gani, kulia au kushoto? Na mikono yake ni midogo kiasi cha kusumbuliwa na gitaa la inchi 34? Kama inamsumbua, nitatafuta la inchi 30, na nyuzi zake zitabidi ziwe za urefu huo. Nipe majibu mapema, kwa maana mjomba anasafiri kuja huko mwezi ujao na amekubali kulibeba.

Ni mimi kaka yako.