Shukrani kwa mzee wakili

Mzee wangu, shikamoo. Ulisema nisikutaje jina, basi sikutaji.

Mama aliposhindwa kesi ya kibanja, tulibakiwa na siku tisa tu katika zile 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Tulifika ofisini kwako Muleba tumelowa chapachapa, hukumu nimeikunja ndani ya mfuko wa nailoni. Hukuuliza pesa. Uliagiza chai ya mama kwanza, ndipo ukatoa kalamu nyekundu ukaanza kupiga mistari. Ada ukasema tutaongea ndizi zikikomaa. Mpaka leo hujaongea!

Nilipouliza habari za ile picha ya ukutani, kijana mwembamba na bunduki, ulicheka. Kumbe ulikuwa mgambo, ukaitwa vitani mwishoni mwa 1978, majeshi ya Amin yalipolipua daraja la Kyaka. Uliingia Uganda kwa miguu, ukarudi mzima, ndipo ukasoma sheria. Hukusema zaidi, ukarudi kwenye karatasi zetu.

Rufaa tumeshinda. Mama anapalilia migomba yake tena. Mkungu wa kwanza ni wako, nakuja nao Jumamosi, na usiukatae.