Mama, niombee ruhusa kwa Babu

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila baridi ya Denver haijanizoea wala mimi sijaizoea. Wasalimie wote hapo Kaloleni.

Kuna jambo nataka umfikishie Babu, siku ambayo ametulia. Desemba ile nilipokuja, nilikipiga picha kigango cha babu yake, ule mti wa kuchongwa anaosimamishiwa mzee aliyefariki, alfajiri bila kumwuliza. Alinikuta nimechutama na kamera. Akanitazama, akageuka, akaenda zake. Angenigombeza ningepumua. Kule kunyamaza kwake kumenifuata mpaka huku.

Picha ninayo. Mti umeliwa na mchwa kwa chini, zile pembetatu zilizochongwa kifuani bado zinaonekana, na shingoni kuna kitambaa chekundu kilichochujuka hadi kikawa rangi ya udongo. Sijamwonyesha mtu.

Jumba la makumbusho la hapa lilikuwa na vigango 30. Mwaka 2014 lilikubali kuvirudisha, vikafika Kenya 2019. Lakini vingi vya namna hiyo havijulikani viling'olewa boma gani. Mzee usiyemjua kwao utamsimamisha wapi, Mama?

Ndipo nikasoma habari za mtafiti Mmarekani, Monica Udvardy. Mwaka 1985 alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Haukupita muda, vikaibwa. Miaka mingi baadaye mtafiti huyo alivikuta huku Marekani, na picha ile ndiyo ikawa shahidi. Mwaka 2007 kimoja kilirudishwa kwa wenyewe. Nilisoma hadi usiku wa manane, machozi yananitoka.

Kwa hiyo nimeanza kazi yangu mwenyewe, sijatumwa na mtu. Nataka kupiga picha jinsi tunavyoishi na koma wetu, roho za wazee wetu waliotangulia: Babu akimwaga mnazi na kuwaita kwa majina, vidole vya Shangazi vikifunga kitambaa kipya, na lile shimo kwa jirani palipong'olewa kigango, ambalo hadi leo hawajalifukia. Kaya Fungo, msitu wetu mtakatifu, sitaingia na kamera. Huko wenye neno ni wazee wa kaya. Na boma letu sitalitaja popote, maana wezi nao hutazama picha.

Mwulize Babu: kile kigango kinapigwa picha au hakipigwi? Kama kuna maneno ya kutangulia, anifundishe, na anitajie waliolala pale mmoja mmoja, nimrekodi sauti. Akisema hapana, nitaifuta ile picha siku hiyohiyo.

Kwenye hela ya karo nimeongeza ya mnazi na ya vitambaa, chekundu, cheupe na cheusi. Usinunue nailoni, nunua pamba. Nakuja Agosti, nitakuja kwanza mikono mitupu, kamera nitaiacha kwako.

Mwanao akupendaye