Kigango si pambo la kaburi

Bwana Mhariri,

Miaka kumi na moja nimenunua gazeti lako kila Jumamosi bila kukuandikia hata mstari. Ile taarifa yenu ya wiki jana, eti makumbusho yetu "yamefufua utamaduni wa Mijikenda", yaani sisi makabila tisa ya pwani ya Kenya, ndiyo iliyonitoa kimyani. Mwandishi wenu aliingia ndani kweli, ama alipiga picha langoni akarudi zake kula mahamri?

Mimi niliingia, mwezi wa Desemba, na wajukuu wawili. Kijana aliyetutembeza akasimama mbele ya kigango, ile nguzo ya mti iliyochongwa inayobeba roho ya marehemu, akawaambia watoto ni sanamu ya kupamba kaburi. Nikamkatiza. Mwanangu, kigango hakichongewi kila maiti. Huchongewa mtu wa Gohu, chama cha wazee wa heshima, tena baada ya marehemu kumjia ndotoni mmoja wa nyumba yake akikidai. Asiye wa Gohu huwekewa koma, kigingi kidogo cha ukumbusho. Na kikishasimikwa hakihamishwi, hata ukoo wenyewe uhame. Kinaachwa papo hapo na mvua yake na mchwa wake. Akacheka: "Bibi, hapa tunafuata ilivyoandikwa." Kilichoandikwa ni karatasi moja ya Kiingereza iliyobandikwa kwa selotepu, kona moja imeshabanduka. Mjukuu wangu wa darasa la tano akaisoma akisimama kwa ncha za vidole, kisha akaniuliza kama babu naye alikuwa akiabudu sanamu. Swali hilo nililibeba kwenye matatu mpaka Mariakani. Na kama hakihamishwi, hicho kigango kilifikaje pale? Hilo kwenye karatasi halimo. Viwili vilivyoibwa huku kwetu 1985 vilikutwa katika makumbusho ya Marekani, vikarudi 2007 baada ya kufuatiliwa miaka na miaka. Makumbusho ya Denver yalipoturudishia vingine 30, vilifika Kenya vikadaiwa ushuru wa forodha kama robota la mitumba. Wazee wetu waibwe, wauzwe, halafu wakirudi kwao walipe kodi!

Tena tunaambiwa wenye kujua mambo hayo wamekwisha. Hawajakwisha, wanajificha. Huku Kilifi mzee akiota mvi tu, vijana wenye macho kwenye shamba lake washamwita mchawi, na baada ya jina hilo ni panga. Jirani yangu hupaka piko kichwani kila mwezi, mwanamume mzima wa miaka themanini, ili asionekane mzee. Huyo ndiye anayejua nani alichonga nini na kwa sababu gani. Hilo mbona hamliandiki ukurasa wa mbele?

Rai yangu ni ndogo. Msimamizi wa makumbusho achukue kile kiti cha plastiki cha mlinzi, akiweke kando ya kigango kila Jumamosi, saa tatu hadi saa sita, amkalishe jirani yangu hapo. Amlipe anacholipwa yule kijana, na chai ya maziwa, na nauli ya kwenda na kurudi. Piko nitanunua mimi.

Mwalimu mstaafu,
Mariakani