Niliyoyaona Ijumaa

Minneapolis, Jumapili jioni

Swahiba wangu,

Salaam nyingi. Naomba Mungu lori likufikishe Texas salama. Ule ujumbe wako wa juzi umenikaa moyoni: msimu mzima mwanao, mdakaji wa akiba, kadaka mipira miwili, na unafikiri umwambie aache futiboli ya Kimarekani ashike masomo. Tafadhali, usimwambie kitu kwanza. Ijumaa nilikwenda uwanjani kwa niaba yako, na safari hii sikuufuata mpira. Nilimtazama yeye tu, daftari mkononi.

Aliingizwa kwa mikupuo 11, yaani mara 11 mpira ulipoanzishwa mpaka uliposimama. Katika 5 timu yake ilikimbia na mpira, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kumzuia beki. Inabaki 6 ya kutupa mpira, na mpira ulimjia mara 1. Sasa mtu ataonyesha nini kwa mpira mmoja? Kotabeki, yule anayetupa mipira, humtafuta kwanza mdakaji aliyezoeana naye mazoezini. Wa akiba huangaliwa mwisho, na mara nyingi kotabeki keshaangushwa kabla jicho halijamfikia.

Lakini miguu yake, ndugu yangu! Robo ya tatu alitoka kama anayekwenda mbali moja kwa moja, kifua mbele, mikono inakata upepo. Beki akaamini, akageuza nyonga ili amkimbize. Papo hapo mwanao akashusha kiuno, akakanyaga hatua tatu fupi, akageuka kumwelekea kotabeki. Kati yake na beki palibaki nafasi ya kuegesha hilo lori lako. Mpira ulikuwa umeshatupwa upande wa pili, na watu wote jukwaani walikuwa wanatazama huko. Nikaandika. Na yule beki alikuwa yule yule aliyeanza mechi, si mtoto aliyeingizwa dakika za mwisho watu wamechoka. Hilo nililihakikisha, maana ukimpima mchezaji bila kuangalia aliyesimama mbele yake unajidanganya.

Mabaya pia nimeyaandika. Kwenye kuzuia anamshika mtu kwa mikono huku miguu imesimama, na mara mbili beki alimpita. Kocha akiona hivyo hamwachi muda mrefu uwanjani, hata angekuwa na miguu ya dhahabu. Na ule mpira mmoja aliudakia kifuani badala ya viganjani.

Wewe na mimi tulimshangilia sana yule mdakaji Adam Thielen alipokuwa Vikings, timu ya kulipwa ya hapa kwetu. Kijana wa Detroit Lakes, hapa hapa Minnesota, kasoma chuo Mankato, na 2013 hakuna timu ya kulipwa iliyomchagua. Aliingia kwa kujaribiwa. 2014 alidaka mipira 8 msimu mzima, 2015 akadaka 12. Ungepewa namba hizo tu ungesema huyu hana kitu. Lakini makocha walikuwa wanamwona mazoezini kila siku, na wakamtumia kwanza kwenye vikosi vya mipira ya mateke, kazi ambayo wengi huidharau. Alipopewa nafasi ya kweli, 2016, alidaka 69 kwa yadi 967. Mwaka 2018 akaufungua msimu kwa mechi 8 mfululizo za yadi 100 au zaidi. Mwanao si Thielen, na wengi wanaokaa benchi wanakaa kwa sababu za haki kabisa. Ninachokuomba ni kwamba mipira miwili isimhukumu, kwa sababu haijasema lolote bado, si zuri wala baya.

Mechi moja hainitoshi hata mimi. Jumatano mazoezi yako wazi kwa wazazi, nitapita nikitoka kazini nimtazame akipambana na mabeki wa timu yake. Huko ndiko wa akiba anapata mipira mingi, na huko ndiko kocha anakomjulia. Halafu nitakwenda Ijumaa mbili zijazo. Daftari nitakukabidhi ukirudi.

Nilimrudisha nyumbani kwa gari langu. Alikaa kimya mpaka karibu na daraja, kofia ngumu mapajani, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Anko, ile ya robo ya tatu uliiona?"

Nikamfungulia daftari. Alisoma ukurasa ule mpaka tukafika mlangoni kwenu.

Nipigie ukishafika.

Nduguyo