Barua kwa mwanangu aliye Harbin, Uchina

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Sauti yako ya Ijumaa haijanitoka masikioni. Baridi imefika nyuzi 24 chini ya sifuri, chango la hedhi limekulaza siku mbili, na mwenzako wa chumbani alipokuona unakunywa maji ya barafu akakwambia tumbo lako la uzazi limeingia baridi, hutapata mtoto. Ulicheka ukinisimulia, lakini nilisikia kicheko kilivyokatika.

Hilo la mtoto litoe moyoni. Maji ya barafu hayafungi kizazi. Kuna jina katika tiba ya jadi ya Kichina, gong han, yaani ubaridi wa nyumba ya uzazi, na ndani yake wanakusanya maumivu, hedhi inayochelewa, miguu isiyopata joto. Ni lugha yao ya kuusoma mwili. Marehemu bibi yako naye alisema baridi ikimwingia mwanamke kiunoni haitoki upesi, na hakuwahi kufika Uchina.

Madaktari wa Kichina wanakuja Zanzibar tangu 1964, kutoka jimbo la Jiangsu. Nikiwa mkunga kijana niliingia zamu na mmoja wao, mama mtu mzima. Joto la kaskazi linatuunguza, yeye anamimina maji ya moto kutoka chupa yake ya chai. Siku moja tulikwenda kumtazama mzazi nyumbani kwao tukamkuta anakandwa, na uji wa pilipili manga uko pembeni. Yule mama alisimama mlangoni, hakutaka kuondoka. Akatueleza kwamba kwao mzazi hukaa ndani mwezi mzima, hagusi maji baridi, hapigwi na upepo, analishwa supu na tangawizi. Wanaita zuo yuezi. Sisi arubaini, wao mwezi. Nikajiona niko na ndugu yangu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuyatazama majira. Mwaka wao wameugawa vipindi 24. Baridi inaingia na Lidong, tarehe 7 Novemba hivi, mpaka mwanzo wa Februari. Wanasema msimu huo ni wa figo, na figo kwao si kiungo cha kuchuja mkojo tu, ni ghala la nguvu ya uzazi. Kitabu chao cha kale, Huangdi Neijing, kinaagiza wakati huo mtu alale mapema, achelewe kuamka, angoje jua. Humo pia umri wa mwanamke unahesabiwa kwa saba saba: 14 anavunja ungo, 21 magego ya mwisho yanaota, 28 mwili unakamilika, 49 hedhi inakoma. Uliponilalamikia gego, nawe una miaka 21, nilitabasamu peke yangu jikoni.

Basi fuata desturi ya huko uliko. Kabla ya kulala tia miguu katika beseni la maji ya moto. Weka chupa ya maji moto tumboni. Hili hata sisi wa hospitali tunalithibitisha, joto hupunguza maumivu ya hedhi. Chemsha tangawizi na ile sukari yao nyekundu, inafanana na sukari guru yetu, utie na hongzao, zile tende zao.

Lakini mizizi na vidonge vya kupimiwa dukani usimeze kwa kuambiwa na rafiki. Danggui, mmoja wa mizizi hiyo, wanaitia kwenye supu ya kondoo, nayo inaweza kuzidisha damu kutoka, na mjamzito haimfai. Mwaka 1993 madaktari wa Ubelgiji waliandika habari za wanawake waliomeza dawa za kupunguza unene zenye mmea wa Kichina, figo zao zikafa. Mmea ule ulikuwa na asidi ya aristolokia, sumu ya figo. Siidharau tiba ile. Dawa mseto tunayomeza hapa kwa malaria imetoka kwenye mmea wao qinghao, na Tu Youyou, mwanasayansi wao, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Yeye aliipima kwanza.

Na kama chango linakulaza kila mwezi, au pedi inajaa ndani ya saa moja, nenda kwa daktari wa wanawake. Mwambie maumivu yanaanza lini na yanaishia wapi, usione haya.

Kuna deni langu kwako. Ulipovunja ungo ulijikunja kitandani, nikakwambia kila mwanamke anapitia hayo, inuka ukaoshe vyombo. Mimi, mkunga, niliyewafunika wana wa watu kwa mikono yangu. Nisamehe, mwanangu. Ukiumwa lala, wala usimwombe mtu ruhusa.

Kesho kutwa ni Dongzhi, usiku mrefu kuliko yote. Kula jiaozi, zile kama sambusa zao za kuchemsha, na wenzako, osha miguu, ulale. Ukiamka saa mbili asubuhi nipigie. Huku itakuwa saa tisa usiku, nitapokea.

Mama yako